Nadharia za klasiki za biashara ya kimataifa na ukuaji wa uchumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, na watu wanaofanya kazi za biashara na forodha ambao walisoma uchumi zamani wakausahau. Hesabu zote zilizomo zinafanyika kwa kalamu na karatasi. Tunashauri uzifanye mwenyewe, kwa sababu karibu kila anayekosea katika mada hii hukosea kwenye hesabu kabla hajakosea kwenye maelezo.

Wanauchumi wa klasiki ni akina nani hasa?

Ni Adam Smith (kitabu chake kikuu kilitoka 1776), David Ricardo (1817), Thomas Malthus, Robert Torrens na John Stuart Mill (1848). David Hume, aliyeandika kuhusu urari wa biashara (tofauti kati ya kinachouzwa nje na kinachonunuliwa nje) mwaka 1752, huwekwa kama mtangulizi wao. Eli Heckscher na Bertil Ohlin hawamo. Hao ni wa karne ya 20, na nadharia yao inaanzia mahali pengine: tofauti za wingi wa ardhi, mtaji na nguvukazi kati ya nchi na nchi. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuwachanganya.

Kinachowaunganisha wa klasiki ni swali moja kubwa: nini hufanya mtaji wa nchi uongezeke, na nini huuzuia? Jamii waliiona katika makundi matatu, yaani wenye ardhi wanaopokea kodi, wenye mtaji wanaopata faida, na wafanyakazi wanaolipwa ujira. Biashara ya nje waliijadili ndani ya swali hilo. Vitabu vya shule huitenganisha na ukuaji, na hapo ndipo Ricardo anapogeuka kuwa jedwali la divai na kitambaa tu, ambalo tutaliona chini.

Walikuwa wanapingana na nani?

Na waandishi wa umekantili, waliotawala fikra za Ulaya kwa karibu karne mbili. Thomas Mun, mkurugenzi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ndiye mfano mzuri: kitabu chake kilichapishwa 1664, baada ya kifo chake, na kanuni yake ni kwamba nchi iwauzie wageni zaidi ya inavyonunua kwao, ili tofauti iingie kama dhahabu na fedha.

Hume alilivunja wazo hilo kwa hoja ya hatua nne. Ukiuza zaidi, dhahabu inaingia. Dhahabu ikiwa nyingi, bei za ndani zinapanda. Bei zikipanda, wageni wanaacha kununua kwako na watu wako wanaanza kununua nje. Mwisho dhahabu inatoka tena. Kwa hiyo ziada ya kudumu haiwezekani, angalau pale dhahabu ndiyo sarafu. Shikilia hoja hii, tutaihitaji chini kwenye swali la ujira.

Je, mchango wa Smith ni "faida kamili" tu?

Hapana, na hili ni la kusikitisha kidogo, kwa sababu sehemu bora ya Smith ndiyo inayoachwa. Ni kweli alisema kwamba mwenye nyumba mwenye busara hatengenezi nyumbani kitu atakachokipata kwa bei nafuu nje, na kwamba hata Uskoti inaweza kutoa divai nzuri kwa kukuza zabibu ndani ya nyumba za vioo, ila kwa gharama ya mara 30 hivi ya kuinunua nje. Hiyo ndiyo faida kamili: nchi itengeneze kile inachokitoa kwa gharama ndogo kuliko wengine.

Lakini hoja yake kuu ni mgawanyo wa kazi. Katika karakana ya pini aliyoieleza, mmoja anavuta waya, wa pili anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anauchonga ncha, wa tano anasaga upande wa juu ili upokee kichwa. Kazi nzima imegawanyika katika hatua 18 hivi. Watu 10 walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, yaani 4,800 kwa kila mmoja. Mtu asiyefunzwa akifanya peke yake hafikishi 20.

Sasa jiulize: nani atanunua pini 48,000 kila siku? Mji mdogo hauwezi. Ndiyo maana Smith akasema mgawanyo wa kazi unawekewa mpaka na ukubwa wa soko. Biashara ya nje inapanua soko, soko linaruhusu kazi igawanywe zaidi, tija inapanda, na mtaji unaongezeka. Kwake, ubora wa nchi katika bidhaa fulani haukulazimika kuwepo tangu mwanzo. Biashara yenyewe iliweza kuuzaa ubora huo.

Alikubali pia vikwazo vichache. Sheria za Meli za Uingereza, zilizolazimisha mizigo ibebwe na meli za Kiingereza, alizitetea kwa sababu za ulinzi, akijua zinapunguza utajiri.

Nitapataje faida linganishi kwa hesabu?

Nchi ina faida linganishi katika bidhaa ambayo gharama yake mbadala, yaani kiasi cha bidhaa nyingine inachokiacha ili kuitengeneza, ni ndogo kuliko kwa mwenzake. Tumia takwimu za Ricardo mwenyewe, kutoka sura ya 7 ya kitabu chake cha 1817. Ni idadi ya watu wanaohitajika kufanya kazi mwaka mmoja:

Uingereza: kitambaa 100, divai 120.
Ureno: kitambaa 90, divai 80.

Ureno inatumia watu wachache kwa bidhaa zote mbili. Kwa faida kamili, Uingereza haina cha kuuza. Fuata hatua hizi:

1. Hakiki kipimo. Hapa namba ni kazi kwa kila kipande, kwa hiyo namba ndogo ndiyo bora.
2. Kwa kila nchi, tafuta gharama mbadala ya kitambaa: gawanya kazi ya kitambaa kwa kazi ya divai. Uingereza: 100 ÷ 120 = 0.83 ya divai. Ureno: 90 ÷ 80 = 1.125 ya divai.
3. Linganisha. Uingereza inapoteza divai kidogo zaidi kwa kila kitambaa, hivyo kitambaa ni chake.
4. Geuza upate ya divai. Ureno: 80 ÷ 90 = 0.89 ya kitambaa. Uingereza: 120 ÷ 100 = 1.2. Divai ni ya Ureno.
5. Pima akiba. Tuseme kila nchi inataka kimoja cha kila bidhaa. Bila biashara, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno 170. Kwa biashara ya kimoja kwa kimoja, Uingereza inatoa vitambaa viwili kwa watu 200, Ureno inatoa divai mbili kwa watu 160. Uingereza imeokoa kazi ya watu 20, Ureno ya watu 10.

Hatua ya 5 isiachwe. Bila hiyo umeonyesha nani atauza nini, lakini hujaonyesha kwa nini wote wanatamani kufanya hivyo.

Makosa yanayojirudia ni yapi?

La kwanza na kubwa ni kuchanganya aina mbili za jedwali. Swali likikupa "saa kwa kila gunia", namba ndogo ndiyo nzuri. Likikupa "magunia kwa kila saa", namba kubwa ndiyo nzuri, na mgawanyo unageuka juu chini. Ukitumia kanuni moja kwa majedwali yote, jibu lako litakuwa kinyume kabisa, na hesabu yenyewe haitakuonya. Njia salama ni kubadilisha kila jedwali liwe kazi kwa kipande kabla ya kuanza.

La pili ni kulinganisha kiwima badala ya kimlalo: mwanafunzi anaweka 100 za Uingereza dhidi ya 90 za Ureno na kutoa hukumu papo hapo. Hiyo ni faida kamili. Faida linganishi huanzia ndani ya nchi moja.

La tatu ni kusema nchi inaweza kukosa faida linganishi kabisa. Ikiwa uwiano wa gharama za ndani unatofautiana, kila nchi lazima iwe nayo katika kitu fulani, kwa sababu gharama mbadala ya bidhaa moja ni kinyume cha ile ya nyingine. Uwiano ukilingana sawasawa (mfano 100 na 120 upande mmoja, 50 na 60 upande wa pili), hapo hakuna biashara yenye manufaa, hata kama nchi moja ina tija maradufu.

Na kuna jambo ambalo vitabu vingi havigusi. Watafiti wa historia ya fikra za uchumi, kama Andrea Maneschi na Roy Ruffin, wameonyesha kwamba namba nne za Ricardo zilikuwa kazi ya kuzalisha kiasi chote kilichobadilishwa, wala si cha kipande kimoja. Yaani alianza na biashara inayofanyika tayari, akauliza kila nchi ingetumia kazi kiasi gani kujitengenezea kile inachopokea. Akiba inaonekana papo hapo: Uingereza inatoa kazi ya watu 100, inapata ambacho kingeigharimu 120. Matokeo ni yale yale, ila maelezo yanakuwa mepesi zaidi.

Bei ya kubadilishana inapangwa na nani?

Ricardo alichukua kimoja kwa kimoja akaendelea. Mipaka inatoka kwenye gharama mbadala: kitambaa kimoja lazima kiuzwe kwa divai kati ya 0.83 na 1.125. Chini ya 0.83, Mwingereza anaona heri ajitengenezee divai. Juu ya 1.125, Mreno anajifumia kitambaa.

Ndani ya mipaka hiyo jibu ni la John Stuart Mill: bei hutulia pale ambapo kiasi Uingereza inachotaka kuuza kinalingana na kile Ureno inachotaka kununua, na kinyume chake. Anayeitamani sana bidhaa ya mwenzake analipa zaidi. Jaribu bei ya 0.9. Ureno sasa inapata kitambaa kwa divai 0.9, yaani kazi ya watu 72 badala ya 90, akiba 18. Uingereza kupata divai moja inatoa kitambaa 1.11, kazi ya watu 111 badala ya 120, akiba 9 tu.

Kinachowashangaza wengi: nchi ndogo inapofanya biashara na kubwa, mara nyingi ndogo ndiyo inayopata sehemu kubwa ya manufaa, kwa sababu bei hukaa karibu na ile ya ndani ya nchi kubwa. Manufaa hupimwa kwa umbali wa bei ya biashara kutoka bei yako ya zamani.

Usichanganye uwiano huu wa bei na urari wa biashara. Wa kwanza unauliza unapata divai ngapi kwa kila kitambaa. Wa pili unauliza kama umeuza zaidi ya ulivyonunua. Nchi inaweza kuwa na ziada huku bei zake zikizidi kuporomoka.

Mfanyabiashara hajui gharama mbadala, anaangalia bei. Sasa nadharia inafanyaje kazi sokoni?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni ujira.

Chukua ujira wa sarafu 20 kwa mwaka katika nchi zote mbili. Divai ya Ureno inagharimu 80 × 20 = 1,600, ya Uingereza 2,400. Kitambaa cha Ureno 1,800, cha Uingereza 2,000. Kila mnunuzi anakimbilia Ureno. Hapa ndipo Hume anaingia: dhahabu inatiririka kwenda Ureno, bei na ujira vinapanda huko na kushuka Uingereza.

Tuseme ujira wa Ureno umefika 25 na wa Uingereza umebaki 20. Divai: Ureno 2,000, Uingereza 2,400. Kitambaa: Ureno 2,250, Uingereza 2,000. Sasa kila mtu, kwa kufuata bei tu, ananunua divai Ureno na kitambaa Uingereza.

Ujira wa Ureno ukivuka kiasi? Weka 32. Divai yake inakuwa 2,560 na kitambaa 2,880. Haiuzi chochote, ingawa wafanyakazi wake ni hodari kuliko wa Uingereza katika kila kazi. Mipaka inajulikana: ujira wa Ureno lazima uwe kati ya mara 1.11 (100 ÷ 90) na mara 1.5 (120 ÷ 80) ya ule wa Uingereza.

Kutokana na hapo unapata mambo mawili. Ujira mkubwa wa nchi tajiri unatokana na tija yake, na ujira mdogo wa nchi maskini hauwi "ushindani usio wa haki" kwa wenyewe tu. La pili linahusu sarafu: leo kazi ya dhahabu inafanywa na kiwango cha kubadilisha fedha. Serikali ikishikilia shilingi yake juu kuliko tija inavyoruhusu, bidhaa zake zote zinakuwa ghali nje, na watu watasema nchi "haina cha kuuza". Ina cha kuuza, ila bei ya sarafu imekifungia.

Na ukuaji? Ricardo anauingizaje?

Kupitia chakula. Mwaka 1815 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Nafaka iliyozuia ngano ya nje kuingia sokoni hadi bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota (takriban kilo 218). Mwaka huo huo Ricardo alichapisha kijitabu kuhusu faida ya mtaji, na hoja yake inafuatika kwa mfano huu wa kubuni.

Kila shamba linalimwa na watu 10, na kila mtu analipwa gunia 12 kwa mwaka, hivyo gharama ni gunia 120. Shamba A, lenye rutuba, linatoa gunia 200. Shamba B linatoa 170. Shamba C, la mwinuko na mawe, linatoa 140.

Watu wakiwa wachache, A linatosha. Faida ni gunia 80 juu ya mtaji wa 120, yaani asilimia 67. Idadi ya watu inapoongezeka, B linalimwa. Huko faida ni 50, asilimia 42. Wakulima wanaposhindania A, mwenye A anadai tofauti ya gunia 30 kama kodi, na faida ya anayelima A nayo inashuka hadi asilimia 42. Likilimwa C, faida kote inakuwa 20 kwa 120, asilimia 17 tu. Kodi ya A sasa ni 60 na ya B ni 30.

Angalia kilichotokea. Mfanyakazi anakula gunia 12 zile zile. Mwenye ardhi hajafanya kazi ya ziada hata siku moja, lakini kodi yake imetoka sifuri hadi jumla ya gunia 90. Aliyebanwa ni mwenye mtaji, ambaye kwa Ricardo ndiye anayeweka akiba na kuajiri. Faida ikizidi kushuka, akiba inakauka, na uchumi unafika hali ya kusimama.

Sasa ruhusu ngano ya nje inayogharimu kama ile ya shamba B. C linaachwa, faida inarudi asilimia 42, na mtaji unaanza tena kuongezeka. Hiyo ndiyo biashara ya nje kama injini ya ukuaji.

Na hapa kuna jambo linalobadilisha namna ya kusoma mfano wa divai. Ricardo alisisitiza kwamba biashara inapandisha kiwango cha faida pale tu inaposhusha bei ya vitu anavyotumia mfanyakazi. Divai ya matajiri inaongeza starehe ya nchi, wala haigusi kiwango cha faida. Kwa hiyo mfano maarufu kuliko yote katika uchumi unaonyesha manufaa ya mara moja. Hoja yake ya ukuaji iko kwenye mkate.

Malthus alikubaliana naye?

Kuhusu kodi ya ardhi na mavuno yanayopungua, ndiyo. Kuhusu sheria yenyewe, hapana: Malthus aliitetea, akihofia nchi kutegemea wageni kwa chakula na akiamini matumizi ya wenye ardhi yanasaidia kununua bidhaa za viwandani. Walibishana kwa barua hadi Ricardo alipofariki 1823, na urafiki wao haukuvunjika.

Sheria ya Nafaka iliishaje?

Chama cha kuipinga kiliundwa Manchester mwaka 1838, Richard Cobden akiwa mmoja wa viongozi wake. Viazi vya Ireland vilipooza kuanzia 1845, Waziri Mkuu Robert Peel aliifuta sheria 1846, chama chake kikagawanyika na serikali yake ikaanguka mwaka huo huo. Mafuriko ya ngano nafuu hayakuja mara moja. Yalikuja hasa miaka ya 1870, reli na meli za mvuke zilipofikisha ngano ya Marekani Ulaya kwa gharama ndogo. Funzo la kiutendaji ni kwamba ushuru ni sehemu moja tu ya gharama. Usafiri ukiwa ghali, kufuta ushuru hakuleti bidhaa.

Ureno ilinufaika kweli?

Ricardo aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya Mkataba wa Methuen wa 1703, ulioruhusu vitambaa vya sufu vya Uingereza kuingia Ureno, na divai ya Ureno kulipiwa ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa divai ya Ufaransa. Kwa muda mrefu Ureno ilinunua zaidi ya ilivyouza, na pengo lilizibwa kwa dhahabu ya Brazili. Mwanauchumi wa Kijerumani Friedrich List, katika kitabu chake cha 1841, aliutaja mkataba huu kama sababu ya kuzorota kwa viwanda vya Ureno.

Hoja ya List haivunji hesabu ya Ricardo, inauliza jambo jingine. Hesabu inasema leo utaokoa kazi ya watu 10. Haisemi miaka 50 ijayo tija itakuwa imekua wapi. Kitambaa kilikuwa kinaelekea kwenye mashine, mgawanyo wa kazi na gharama zinazoshuka, huku zabibu zikibanwa na ardhi. Nchi inayojikita kwenye bidhaa ya mavuno yanayopungua inaweza kujikuta nyuma, na mwanauchumi Frank Graham alilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1923. Kwa maoni yetu hapa ndipo Smith wa karakana ya pini anamkosoa Ricardo wa jedwali, na Smith ana nguvu zaidi.

Nadharia inasimama kama mitaji inahama?

Ricardo aliliona. Alisema wazi kwamba kama mtaji na wafanyakazi wangehama kwa uhuru, ingewafaa wenye mitaji wa Uingereza na walaji wa nchi zote mbili divai na kitambaa vyote vitengenezwe Ureno. Aliamini watu wanasita kupeleka mali yao kwenye sheria za ugenini. Mtaji ukihama bila kizuizi, faida kamili inarudi kuongoza.

"Njia ya kutolea ziada" ni nini, na inahusu Afrika?

Ni wazo la Smith, lililofufuliwa na mwanauchumi wa Burma Hla Myint mwaka 1958. Faida linganishi inadhani kila mtu yuko kazini: ukiongeza divai unapunguza kitambaa. Myint alisema nchi nyingi za tropiki zilikuwa na ardhi na nguvukazi zisizotumika kikamilifu, hivyo mchele wa Burma au kakao ya Afrika Magharibi iliongezeka bila kupunguza chakula. Gharama mbadala ilikuwa karibu sifuri.

Wazo hili linahitaji tahadhari, na historia ya pwani ya kusini ya Tanzania inaonyesha kwa nini. Utawala wa Wajerumani uliwalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kana kwamba siku zao zilikuwa bure. Hazikuwa. Siku za kupalilia pamba zilikuwa siku za kupalilia na kulinda mazao yao wenyewe. Julai 1905, huko Umatumbi, vita vya Maji Maji vilianza kwa kung'oa pamba. Kabla ya kuandika "ziada" kwenye jibu lako, uliza kalenda ya kilimo inasemaje: nguvukazi inayoonekana kukaa bure Agosti inaweza kuwa haitoshi Januari.

Wa klasiki walikubali kulinda viwanda vichanga?

Mill alikubali, kwa masharti: ulinzi uwe wa muda, na kiwanda kiwe kinafaa mazingira ya nchi, kikikosa ujuzi na uzoefu tu. Baadaye aliona ruzuku ya wazi inafaa kuliko ushuru, kwa sababu ushuru ukishawekwa ni mgumu kuondoa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 na viwango vya 0, 10 na 25, na Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Ukitaka kuupima kwa kanuni ya Mill, uliza mambo mawili kwa kila bidhaa: tarehe ya mwisho ya ulinzi ni ipi, na gharama ya kuzalisha imeshuka kiasi gani tangu ulipoanza?

Kuna ushahidi wowote wa takwimu?

Upo. G.D.A. MacDougall, mwaka 1951, alilinganisha Marekani na Uingereza kwa takwimu za 1937. Ujira wa Marekani ulikuwa karibu mara mbili, kwa hiyo nadharia ilitabiri Marekani itauza zaidi pale tu tija yake inapozidi mara mbili. Kati ya bidhaa 25, 20 zilifuata kanuni. Japani nayo ilifungua bandari 1859 baada ya kujifungia zaidi ya karne mbili. Daniel Bernhofen na John Brown walikuta iliuza nje vitu vilivyokuwa nafuu ndani, hasa hariri na chai, na wakakadiria manufaa hayakuzidi asilimia 8 hadi 9 ya pato la taifa. Ni manufaa ya kweli, lakini ni ya mara moja, na hayatoshi peke yake kueleza kilichoifanya Japani kuwa tajiri.

Nawezaje kupima faida linganishi ya nchi yangu leo?

Gharama za kazi ni vigumu kuzipata, hivyo hutumika kipimo cha Béla Balassa cha 1965. Chukua sehemu ya bidhaa katika mauzo yote ya nje ya nchi, igawanye kwa sehemu ya bidhaa hiyo katika mauzo ya dunia nzima. Mfano wa kubuni: nchi inauza nje jumla ya dola milioni 5,000, chai ikiwa milioni 200, yaani 0.04. Duniani chai ni 0.0005. Jibu ni 80, na chochote juu ya 1 kinaashiria faida linganishi.

Mambo yanayoharibu kipimo hiki: mwaka mmoja wenye ukame, kwa hiyo tumia wastani wa miaka mitatu hadi mitano, bidhaa zinazoingizwa na kuuzwa tena nje, na mizigo ya mpito, kwa mfano shaba ya Zambia na Kongo inayopitia Dar es Salaam, ambayo haipaswi kuhesabiwa kama ya Tanzania.

Tena angalia msimbo wa forodha hadi tarakimu sita. Korosho ghafi yenye ganda ni 080131 na iliyobanguliwa ni 080132. Ukizijumlisha utasema Tanzania ina faida linganishi "katika korosho", na hutaona kwamba sehemu kubwa inaondoka na ganda lake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Zihesabu kila moja peke yake. Kisha kumbuka kwamba korosho ghafi inatozwa ushuru inapotoka nchini, hivyo namba unayopata inabeba gharama za uzalishaji na sera ya serikali kwa pamoja. Kuvitenganisha kunahitaji bei ya kiwandani, ujira wa kubangua na kiasi cha kokwa kinachotoka kwa kila kilo 80 za korosho ghafi.